Mechi ya watani wa kata jirani: nyumbani na ugenini, au mechi moja uwanja wa kati?

Kila ifikapo Juni, mvua zikishakatika na vumbi la viwanja vya Mwanza likianza kutimka, viongozi wa timu za kata jirani hukaa kupanga mechi ya watani. Swali la kwanza huwa lile lile: tucheze mara mbili, kwetu na kwenu, au tukutane mara moja kwenye uwanja usio wa mtu? Mara nyingi jibu hutolewa na mwenye sauti kubwa kikaoni, na gharama yake huonekana siku ya mechi. Hapa tunailinganisha mifumo hiyo miwili kwa ajili ya timu za mtaa na kata, zile zinazojiendesha kwa michango ya wanachama na mdhamini mmoja mwenye duka. Klabu za Ligi Kuu zina kanuni zao.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Ujirani wa timu mbili hauvunjwi na bao. Timu ikifungwa tatu bila kwa haki, mashabiki watataniwa wiki nzima, basi. Ujirani unavunjika pale jezi namba tisa inapovaliwa na kijana ambaye kata nzima haimjui, au pale fedha za mlangoni zinapohesabiwa na upande mmoja gizani. Kwa hiyo msichague mfumo kwa kuangalia upi una heshima zaidi. Angalieni ugomvi wenu wa mwisho ulianzia wapi, kisha chagueni mfumo unaoziba tundu hilo.

Mwanza tumeshaona nini

Pamba, wana TP Lindanda, na Toto African, Wana Kishamapanda, klabu mbili za jiji hili, walijenga utani wao huku wote wakiutumia uwanja wa CCM Kirumba. Nyumbani na ugenini ilikuwa ya kwenye ratiba tu: nyasi zile zile, vyumba vile vile, mashabiki wanaopanda daladala zile zile kurudi makwao. Simba na Yanga nao wameishi hivyo Dar es Salaam kwa miaka mingi. Hapo kinachobadilika ni nani anaandikwa mwenyeji, maana mwenyeji ndiye mbeba maandalizi. Toto walishuka Ligi Kuu mwaka 2017, Pamba wakarudi mwaka 2024 wakiwa Pamba Jiji baada ya zaidi ya miaka 20 nje, na utani ule mkubwa umepungua makali. Ule wa kata kwa kata haujapungua hata kidogo.

Mfano wa pili ni Mbao FC. Mwaka 2017, wakiwa kwenye msimu wao wa kwanza wa Ligi Kuu, waliitoa Yanga kwa 1-0 Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Fainali ikapelekwa Jamhuri, Dodoma, ambako hapakuwa nyumbani kwa Mbao wala kwa Simba, na Mbao wakafungwa 2-1 baada ya dakika 120. Hapo kuna jambo la kulipima. Mechi moja humpa mdogo nafasi, kwa sababu siku moja nzuri inamtosha. Mechi mbili humsaidia mwenye benchi refu: akikosea Jumamosi hii, ana dakika 90 nyingine za kurekebisha. Timu yenye wachezaji 14 wa uhakika ikikubali mechi mbili dhidi ya timu yenye 22, ijue imekubali nini.

Uwanja

Hapa ndipo timu nyingi hujidanganya. Kusema "tuna uwanja wetu" haitoshi. Uwanja uwe na vipimo, uwe salama, na uwe mmeukubali ninyi nyote wawili kabla ya mechi.

Sheria namba moja ya soka inaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Nafasi hiyo kati ya kipimo kidogo na kikubwa ni pana mno kwa timu zinazovutana. Mwenyeji mwenye mabeki wazito ataamka Ijumaa usiku na kusogeza mistari ndani mita tano kila upande ili winga wa jirani akose nafasi ya kukimbilia, na kisheria uwanja bado unafaa. Andikeni vipimo kwenye makubaliano. Tuseme mmekubaliana mita 100 kwa 60: pimeni kwa utepe wa mita 50, halafu pimeni kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Mishazari yote miwili iwe karibu mita 116.6. Ikitofautiana kwa zaidi ya nusu mita, uwanja umepinda na boksi moja litakaa upogo.

Goli ni mita 7.32 kwa 2.44. Magoli ya miti yapimwe yote mawili, tena katikati na pembeni, kwa sababu mchanga hujaa mbele ya goli na kulifanya mtambaa panya uwe chini kwa sentimita 10 au zaidi. Kipa wa wageni ataligundua hilo dakika ya kwanza, na hapo hapo atafikiri amefanyiwa makusudi.

Mistari ya uwanja wa 100 kwa 60, ukijumlisha mzunguko, mstari wa kati, maboksi yote, duara na nusu duara, inafika karibu mita 680. Mifuko mitatu ya chokaa ya kilo 25 hutosha, na ubaki na kidogo cha kurudishia mistari wakati wa mapumziko. Iwe unga wa mawe ya chokaa usiounguza (kalsiamu kaboneti). Chokaa ya kujengea, isiyozimwa na hata iliyozimwa, huunguza ngozi, na ikiingia jichoni mchezaji anapoteleza inaweza kumharibia jicho. Muuzaji aulizwe kabla ya kulipa.

Jambo moja ni la Mwanza hasa: viwanja vingi viko chini ya vilima vya mawe. Mvua ikinyesha, kokoto huteremka na kulala upande wa chini, mara nyingi kwenye kona moja na sehemu ya boksi. Siku moja kabla ya mechi wanahitajika watu 15 hadi 20 wenye reki na ndoo wapite kwa mstari kutoka goli hadi goli. Ikifanywa asubuhi ya mechi, hufanywa nusu.

Kwa mechi ya uwanja wa kati, Nyamagana ndio unaofikiriwa kwanza, na inaeleweka: uko katikati ya jiji na mashabiki wa barabara ya Nyerere, ya Kenyatta na ya Makongoro wanaufikia bila kupita kwenye mitaa ya wapinzani. Una nyasi bandia. Waambieni wachezaji mapema, kwa sababu njumu za chuma haziruhusiwi kwenye nyasi hizo na huzichana. Zinatakiwa njumu za plastiki zilizoungana na soli. Tumeona timu ikihangaika kuazima viatu saa tisa na nusu, na mchezaji aliyevaa kiatu kinachobana hamalizi dakika 60. Nyasi bandia pia hushika joto, kwa hiyo saa nane mchana siyo saa ya kuanzia mechi. CCM Kirumba una nafasi ya watu 35,000 hivi. Kwa mechi ya kata utaonekana mtupu, na gharama zake hazilingani na mfuko wenu.

Kuhusu muda: Juni jua la Mwanza huzama karibu saa 12:50 jioni. Anzeni saa 10:00 kamili. Dakika 90, mapumziko 15 na za nyongeza zinawafikisha saa 11:50, na penalti zikiwapo mnamaliza saa 12:10 kukiwa na mwanga. Mkianza saa 10:30, penalti zinapigwa machweo, na penalti ya machweo isiyoonekana vizuri kama imevuka mstari inaweza kuzaa ugomvi wa miaka mitatu.

Kwa mtazamo wa haraka

| Jambo | Nyumbani na ugenini | Mechi moja uwanja wa kati |
|---|---|---|
| Malipo ya waamuzi | Mara mbili | Mara moja |
| Kukodi uwanja | Hakuna, ila kuna kazi ya kuuandaa | Ndiyo, na hulipwa kabla |
| Mgao wa mapato | Kila mwenyeji huchukua ya kwake | Lazima kuwe na hesabu ya pamoja |
| Hatari ya mamluki (wachezaji wa kukodi) | Kubwa, hasa marudiano | Ndogo, ukaguzi ni mmoja |
| Ulinzi | Mgumu njiani, wageni wakirudi | Mgumu kituoni na mlangoni |
| Faida kwa mtaa | Mama ntilie na bodaboda wa kata zote mbili hupata | Biashara inabaki mjini |

Ile safu ya mwisho isidharauliwe. Mechi ikichezwa kwenye uwanja wa kata, wauza vinywaji, chipsi na karanga wa pale pale hupata siku nzuri, na wao ndio hao hao mnaowaendea kuomba mchango wa jezi Septemba.

Fedha za mlangoni

Tuchukue hesabu ya mfano. Wekeni namba zenu mahali pa hizi. Mechi moja, uwanja wa kati wenye ukuta, kiingilio sh. 1,000. Kukodi uwanja 150,000, waamuzi wanne 160,000, ulinzi 60,000, huduma ya kwanza 40,000, tiketi na maji 40,000. Jumla 450,000. Kabla ya kusaini gawanyeni gharama kwa kiingilio: 450,000 kwa 1,000 ni watu 450. Kama hamna uhakika wa kupata watu 450 wanaolipa, msikodi uwanja huo. Wakija 700, kinabaki 250,000, yaani 125,000 kila timu.

Sasa mechi ya nyumbani, uwanja wa wazi usio na ukuta, kiingilio sh. 500. Gharama: waamuzi 160,000, ulinzi 40,000, huduma ya kwanza 40,000, chokaa na maji 40,000. Jumla 280,000. Kwenye uwanja wa wazi, kamba mliyozungusha inazuia waungwana tu, na wengine wanatazamia juu ya mawe. Wakilipa 400, ni sh. 200,000. Mwenyeji ana pengo la 80,000, ambalo huzibwa na mdhamini, na ushuru wa vibanda na wa kuegesha bodaboda. Mara mbili, timu mbili, mapengo mawili.

Kwa fedha peke yake mechi moja inashinda. Lakini angalieni upande wa pili: kwenye nyumbani na ugenini hakuna cha kugawana, kwa hiyo hakuna cha kushukiana. Timu zenye historia ya kutoaminiana kwenye hesabu zitapata amani kwa kupoteza hiyo 80,000, na kwa maoni yetu ni bei nafuu.

Mkichagua mechi moja, fanyeni hesabu hivi. Chapisheni tiketi zenye namba kwenye vitabu vya mia mia, rangi tofauti kwa kila mlango. Kabla ya kufungua, andikeni namba ya kwanza ya kila kitabu, na makatibu wa timu zote mbili wasaini. Kila mlango uwe na watu wawili, mmoja wa kila timu: mmoja anauza, mwingine anachana. Mlango ufungwe dakika ya 60. Namba ya kwanza mkiitoa kwenye ya mwisho iliyouzwa, kisha mkijumlisha moja, mnapata tiketi zilizouzwa, na fedha lazima zilingane. Hesabu ifanyike kabla ya filimbi ya mwisho, mbele ya mtu wa tatu, mfano mwakilishi wa chama cha soka cha wilaya au mtendaji wa kata. Baada ya filimbi ya mwisho kila mtu ana hasira au furaha, na hali zote mbili hazifai kwa kuhesabu noti.

Tundu kubwa la mlangoni ni "huyu mgeni wetu". Kiongozi mmoja hupitisha watu 30 bure kwa mkono wake. Wekeni tiketi 20 za bure kwa kila timu, zenye mhuri, zikiisha zimeisha. Tundu la pili ni zawadi. Msiichanganye na mgao: gharama zitolewe kwanza, kinachobaki kigawanywe nusu kwa nusu, na kombe au mbuzi wa mshindi atoke kwa mdhamini. Mshindi akipewa asilimia kubwa ya mlangoni, kila uamuzi wa refa unakuwa na bei.

Mamluki

Hili ndilo linaloua utani kuliko yote. Jijini kuna vijana wengi wa akademi na wa timu za madaraja ya juu wanaorudi makwao ligi zikisimama, na bei ya kumkodi mmoja kwa Jumamosi moja haiwashindi wafadhili. Kwenye mfumo wa mechi mbili kishawishi kinakuwa kikubwa zaidi wiki ya katikati: aliyefungwa mechi ya kwanza ana siku saba za kutafuta mshambuliaji. Kwenye mechi moja hana siku hizo.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa inayothibitisha ukazi haitoshi peke yake, kwa sababu kijana aliyehamia kwa shangazi yake wiki iliyopita naye ni mkazi. Sharti linalofanya kazi ni la kucheza: mchezaji awe amecheza angalau mechi tatu za timu hiyo msimu huo, kwenye ligi ya kata au ya wilaya, na jina lake liwe kwenye fomu za mechi hizo. Kwa wale wa madaraja ya juu waliozaliwa hapo, wekeni idadi, tuseme wawili kwa kila timu, na wawe na ruhusa ya maandishi ya klabu zao. Kuwakataa kabisa hakuna haja. Mashabiki wanapenda kumwona mtoto wao aliyefika mbali, na wawili hawabadilishi timu nzima.

Orodha iwe ya majina 20 yenye picha, ifungwe siku saba kabla, nakala tatu: moja kila timu, moja kwa kamisaa wa mechi. Kwa mechi mbili, orodha ya mechi ya kwanza ndiyo ya marudiano. Aliyeumia anaweza kubadilishwa ikiwa ni kipa tu, maana timu haiwezi kucheza bila kipa wa akiba. Ukaguzi wa sura ufanyike dakika 45 kabla, manahodha wote wawili wakiwapo, jina moja baada ya jingine, kitambulisho mkononi. Pingamizi litolewe hapo hapo na liandikwe. Atakayesubiri afungwe kwanza ndipo alalamike, asisikilizwe. Sharti hilo nalo liwe kwenye maandishi, vinginevyo mtasikiliza usiku kucha.

Waamuzi

Timu zote mbili zikiwa za wilaya ya Nyamagana, ombeni waamuzi wa wilaya ya Ilemela, na kinyume chake. Maombi yapitie chama cha waamuzi, siyo simu ya mtu kwa mtu. Malipo yakusanywe nusu kwa nusu na kukabidhiwa kwa chama siku mbili kabla. Mwenyeji akimlipa refa kwa mkono wake, hata kwa nia njema, kila penalti itasemwa imenunuliwa. Chakula cha mchana cha waamuzi nacho kisiwe nyumbani kwa kiongozi wa timu yoyote.

Kwenye mechi mbili tunashauri waamuzi tofauti. Hoja ya kutumia wale wale ni kwamba kiwango cha kadi hakibadiliki, na ni hoja nzuri. Lakini refa aliyekataa bao la dakika ya 88 akirudi wiki inayofuata kwenye uwanja wa waliokataliwa, mnamweka hatarini. Kubalianeni pia kadi nyekundu ya mechi ya kwanza inamtoa mchezaji marudiano. Msipoandika, atavaa jezi na mtabishana saa 9:50.

Mashabiki na njia ya kurudi

Timu za kata jirani, wageni huja kwa miguu. Kuja si tatizo, wanakuja kwa ngoma na matarumbeta. Kurudi ndiko kunakoumiza: watu 300 walioshinda wanapita mtaa wa walioshindwa wakiimba, giza linaingia, na jiwe moja linatosha. Mawe Mwanza hayatafutwi. Kwa hiyo mkichagua nyumbani na ugenini, njia ya wageni ipangwe na itangazwe, washabiki wa mwenyeji wabaki uwanjani dakika 20 baada ya filimbi, na sungusungu au mgambo wa kata zote mbili watembee na wageni, wakiwa wamechanganyika. Walinzi wa kata moja tu huonekana kama jeshi la mwenyeji. Taarifa ya maandishi iende polisi na kwa watendaji wa kata wiki moja kabla.

Kwenye uwanja wa kati hatari iko kwenye kituo cha daladala, ambapo pande mbili husubiri gari moja. Kodini magari ya kila upande yaegeshwe sehemu tofauti. Ni gharama, lakini mashabiki wenyewe huwa tayari kuichanga.

Kuna suala la kuingia uwanjani pia, ambalo kila kiongozi analijua. Timu hukataa kupita lango fulani au kutumia chumba fulani kwa imani za ushirikina, huruka ukuta, na mechi huchelewa dakika 40. Dawa rahisi: timu zibadilishe nguo kwenye magari au darasa la shule ya karibu, kisha zote mbili ziingie pamoja kwa safu mbili nyuma ya waamuzi. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho.

Sare, mvua na radi

Kwenye mechi mbili msitumie bao la ugenini. UEFA walilifuta mwaka 2021, na kwa timu za jirani wanaotembea dakika 20 kufika ugenini halina maana. Jumla ikiwa sare, penalti moja kwa moja, bila dakika 30 za nyongeza, kwa sababu ya mwanga. Kura ya nani aanze kuwa mwenyeji ipigwe hadharani. Anayecheza marudiano nyumbani ndiye anayepiga penalti mbele ya watu wake, na hiyo ni faida ya kweli.

Mkilazimika kucheza Novemba au Aprili, chagueni mechi moja. Mechi mbili kwenye msimu wa mvua huwa tatu, kwa kuahirishwa. Radi za ukanda huu wa ziwa si za kupuuza: ikisikika ngurumo, wachezaji na mashabiki watoke uwanjani, wasijikinge chini ya miti, na msirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Andikeni mapema kwamba mechi iliyosimama kabla ya dakika ya 70 inarudiwa na iliyopita hapo matokeo yanabaki.

Jirani aliye ng'ambo ya maji

Timu za visiwani na za mwambao zina hesabu nyingine. Kati ya Sengerema na Misungwi mambo yamekuwa mepesi tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025; nyumbani na ugenini sasa inawezekana bila kusubiri kivuko. Lakini Ukara na upande wa Bugolora, au Kome na bara, bado ni maji. Septemba 2018 MV Nyerere ilizama ikikaribia Ukara, ikiwa imezidisha abiria, na zaidi ya watu 200 wakafa. Mashabiki wakishashinda hujazana kwenye mtumbwi wa kwanza. Kwa timu hizi tunashauri mechi moja tu kwa mwaka, mwenyeji akipokezana mwaka hadi mwaka, kuanza saa 7 mchana ili safari ya kurudi iwe mchana, orodha ya abiria wa kila chombo ishikwe na kiongozi wa timu, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu. Chombo kisichotosha, mashabiki wengine wasikilizie matokeo kwenye simu.

Kama mara ya mwisho mlipigana

Msirudi moja kwa moja kwenye mechi mbili. Mwaka wa kwanza chezeni mara moja, uwanja wa kati, bila kombe. Kabla ya mechi kubwa, wekeni mechi ya maveterani waliochanganywa: nusu wa timu hii na nusu wa ile, jezi zisizo za timu yoyote. Wazee hawa ndio watu ambao vijana huwasikiliza uzio ukitikiswa, na wakiwa wametoka kucheza pamoja saa moja iliyopita, ni vigumu kuchukua upande. Mwaka wa pili pelekeni mechi ya kwanza kwa yule ambaye mashabiki wake ndio walioshambuliwa, siyo walioshambulia. Marudiano kwa mwenzake yachezwe ikiwa ya kwanza ilikwisha bila mtu kupelekwa hospitali, na uamuzi huo ufanywe Jumatatu na watu sita, watatu kila upande, pamoja na mtendaji wa kata ya tatu. Ikiwa mmoja wa hao sita hakubali, marudiano yahamie uwanja wa kati na fedha zake zigawanywe kwa utaratibu wa tiketi tulioueleza hapo juu.